Kobe Hakohoi

Kobe hakohoi. Hana kile kiwambo cha misuli kinachotusukumia sisi pumzi kwa nguvu. Yeye huvuta na kutoa hewa kwa misuli ya ubavuni na kwa kuchezesha miguu ndani ya gamba lake. Kwa hiyo akiumwa njia ya hewa, usitegemee kusikia kitu. Unapiga magoti mchangani, unamwangalia usoni, unasubiri. Ukikaa vya kutosha, tundu moja la pua litatoa povu dogo, litavimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya mtama, kisha litapasuka. Mara nyingine hata povu halipo. Kuna tope lililokaukia kwenye miguu ya mbele, pale alipokuwa akijifutia kamasi, na kope zilizovimba kama za mtu aliyelia usiku kucha.

Kazi hii ya kupiga magoti nimeifanya kwa misimu minne katika jangwa la Mojave, kusini mwa Las Vegas, karibu na mpaka wa Nevada na California. Kobe wa huko ni wakubwa kidogo kuliko sahani ya wali, rangi yao ni ya udongo wenyewe, na karibu maisha yao yote hukaa chini ya ardhi katika mashimo wanayojichimbia. Serikali ya Marekani iliwaweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1990. Kila panapotaka kujengwa kitu kikubwa juu ya ardhi yao, uwanja wa mazoezi ya jeshi au shamba la paneli za sola, lazima watafutwe mmoja mmoja na kuhamishwa. Na kabla ya kumhamisha kobe unatakiwa kujua kama unamhamisha peke yake au pamoja na ugonjwa.

Mama yangu alinipigia simu msimu wa kwanza, nikamweleza ninachofanya. Akauliza, "Kobe naye anapata mafua, mwanangu?"

"Anapata, mama. Na yakishampata, mara nyingi hayamwachi."

Akanyamaza kidogo. "Basi ni kama ile ya ng'ombe wa baba yako."

Mama hajawahi kuangalia kwenye darubini, lakini alilenga palepale. Baba alikuwa bwana mifugo Simanjiro, na ugonjwa uliomnyima usingizi kuliko yote ulikuwa homa ya mapafu ya ng'ombe. Ninamkumbuka ng'ombe mmoja amesimama kando ya zizi, shingo ameinyoosha mbele, viwiko vya miguu ya mbele amevitanua nje ili kifua kipate nafasi, kila pumzi ikitoka na mguno. Huyo alikufa. Baba hakumzungumzia sana. Aliyemzungumzia ni yule wa pili, aliyeugua kidogo, akapona, akanenepa, akawa anakwenda malishoni na wenzake. "Huyo ndiye wa kumwangalia," alisema. Ng'ombe anayepona homa ya mapafu anaweza kubaki na kipande cha pafu kilichooza na kufungiwa ndani ya ganda, na ndani ya ganda hilo vimelea wakiwa hai kwa miezi mingi. Kwa macho ni mzima.

Kimelea cha ng'ombe na kimelea cha kobe ni ukoo mmoja: mikoplasma. Yule wa ng'ombe anaitwa Mycoplasma mycoides, wa kobe Mycoplasma agassizii. Ni miongoni mwa bakteria wadogo kabisa wanaojulikana, na wana jambo moja linaloeleza karibu kila taabu tunayoipata nao: hawana ukuta. Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta mgumu, na penisilini huwaua kwa kuuharibu ukuta huo. Mikoplasma hana cha kubomolewa. Anajibandika kwenye utando laini wa ndani ya pua, anauharibu taratibu, anaishi hapo. Dawa nyingine zipo, na zinaweza kukausha pua ya kobe kwa muda, lakini kumsafisha kabisa ni jambo lisilotegemewa. Hata maabara wanamwotesha kwa shida. Sahani yake inaweza kukaa wiki kadhaa kabla hujaona chochote.

Kwa ng'ombe tulipata angalau chanjo. Ile inayotumika Afrika hadi leo, T1/44, ilitokana na kimelea kilichochukuliwa hapahapa kwetu, enzi za Tanganyika, kikapitishwa kwenye mayai ya kuku mara arobaini na nne mpaka ukali wake ukapungua. Kobe hana chanjo. Ana sisi, na vijiti vyetu vya pamba.

Habari ya ugonjwa huu ilianza kushtua watu mwaka 1988, katika hifadhi ya kobe iliyoko wilaya ya Kern, California. Ni eneo lililozungushiwa uzio, magari hayaingii, kondoo hawachungwi. Kama kuna mahali kobe alitakiwa kuwa salama, ni hapo. Watafiti wakaanza kuwakuta wakichuruzika kamasi, na pembeni yao magamba matupu. Kwa miaka michache waliendelea kuhesabu wafu. Daktari wa wanyama Elliott Jacobson wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake wakaufuatilia ndani ya pua za wagonjwa, na Mary Brown, mtaalamu wa mikoplasma wa chuo hichohicho, akaongoza jaribio lililotangazwa mwaka 1994: walichukua kobe wazima, wakawadondoshea bakteria puani, kobe wakaugua ugonjwa uleule, na bakteria yuleyule akapatikana tena ndani yao. Baadaye ikaonekana kuwa hayuko peke yake. Kuna ndugu yake, Mycoplasma testudineum, aliyepewa jina mwaka 2004.

Huko hifadhini hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ugonjwa uliingiaje. Lakini mtu akitembea Las Vegas na miji ya California ataelewa kwa nini wengi wanawashuku kobe wa majumbani. Familia nyingi huko zinafuga kobe uani, wengine tangu enzi za babu. Mzee akifa, au nyumba ikiuzwa, mtu anamchukua kobe kwa huruma kabisa, anamwendesha mpaka jangwani, anamweka chini ya kichaka na kumtakia heri. Sheria inakataza, lakini jangwa ni kubwa na halina mlango. Utafiti umeonyesha kuwa kobe wa porini wanaoishi karibu na makazi ya watu huonekana na maambukizi zaidi kuliko walio mbali. Nikiwaza yule mtu mwenye huruma anayefungua buti ya gari lake, sina hasira naye. Natamani tu angepiga simu kwanza.

Siku yetu ya kazi huanza gizani. Kobe wengine wamebandikwa kwenye gamba kifaa kidogo cha kutoa mawimbi ya redio, kwa hiyo mmoja wetu anatembea ameinua antena, anasikiliza mlio unavyokuwa mkali, na wengine tunafuata tukikwepa miba. Jua likichomoza tunatakiwa tuwe tumeshafika. Kanuni ni nyuzi 35: kipimajoto kikiwekwa kivulini, sentimita tano juu ya ardhi, kikasoma 35, unamwacha kobe hata kama umemtembelea saa mbili. Kuna asubuhi tulizorudi mikono mitupu kwa sababu ya nyuzi moja.

Kila kobe ana glavu zake mpya, mfuko wake wa kupimia uzito, kitambaa chake cha kuwekwa juu yake. Rula ya chuma iliyopima gamba la mmoja inaoshwa kwa maji ya jiki kabla haijamgusa wa pili. Ugonjwa huu hupita hasa kwa kobe kugusana pua na pua, katika kugombana na katika kupandana, na sisi hatutaki kuwa pua ya tatu.

Sasa nieleze kosa langu, kwa maana ndilo lililonifundisha kazi.

Ilikuwa mwezi wa nne wa msimu wangu wa kwanza. Jike mkubwa, kilo mbili na nusu na kitu, namba 417. Alikuwa ametoka kwenye mdomo wa shimo anaota jua. Nilimshika vizuri, mikono miwili, kama nilivyofundishwa, ila nikamwinua haraka na kumlaza upande ili mwenzangu aone gamba la chini. Nikasikia joto kwenye glavu, halafu sauti ya maji yakimwagika mchangani. Maji mengi. Yaliendelea kutoka mpaka nikadhani hayataisha.

Sikuelewa mpaka nilipoona uso wa kiongozi wetu. Kibofu cha kobe wa jangwani ndicho tangi lake. Mvua ikinyesha, na hainyeshi mara nyingi, anakunywa mpaka kushiba kabisa, wengine huchimba visahani ardhini ili maji yatuame hapo, halafu yale yanayobaki kibofuni anayarudisha mwilini kidogo kidogo kwa miezi, hata zaidi ya mwaka. Akishtuka huyamwaga, huenda ili kumkimbiza adui. Mimi ndiye niliyekuwa adui. Mvua ya mwisho ilikuwa imepita zamani na iliyofuata hakuna aliyejua itakuja lini. Kobe anayemwaga maji yake yote wakati wa kiangazi anaweza kufa kwa kiu wiki kadhaa baadaye, ndani ya shimo, mtu asijue nani alimuua.

Tulikuwa na beseni la plastiki kwenye gari. Tukamweka humo na maji ya vuguvugu yaliyomfika kidevuni, tukarudi nyuma, tukakaa chini. Kwa dakika tano hakufanya chochote. Kisha akateremsha kichwa chote, pua na macho vikazama, na koo lake likaanza kupanda na kushuka. Alikunywa hivyo, bila kuinua kichwa, kwa muda mrefu. Nilimpima tena uzito. Alikuwa amerudisha karibu yote.

Baba alikuwa na kawaida ya kumpapasa ng'ombe shingoni na kunong'ona naye kabla ya kuonyesha sindano. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni tabia tu ya mzee.

Sampuli zenyewe hazichukui muda mwingi ukiwa mtulivu. Damu tunaichukua chini ya gamba la juu, pale shingo inapoingia ndani: sindano nyembamba, kwa pembe, unavuta pole pole, na haifiki mililita mbili. Ikitoka nyepesi, ya kupauka, umevuta na limfu, yale majimaji ya mwili yasiyo damu, na jibu lake halitaaminika. Unaandika hivyo au unaanza upya. Kisha kinywa. Hapo ndipo uvumilivu unapoliwa, maana kobe akifunga taya zake hakuna nguvu ya heshima inayozifungua. Unamshika kichwa nyuma ya masikio kwa vidole viwili, unaushusha utaya wa chini kwa ukucha wa kidole gumba, unangoja achoke kabla yako. Kijiti cha pamba kinapita juu ya ulimi na kwenye paa la kinywa, pale njia ya pua inapofunguka ndani. Kisha kwenye kichupa, kichupa kwenye barafu.

Wasomaji wengi siku hizi wanajua PCR, tulifundishwa na korona. Kijiti ni kwa ajili hiyo: kinauliza kama vinasaba vya bakteria vipo hapo, leo, mahali kijiti kilipogusa. Bakteria wakiwa wachache, au wamejificha ndani zaidi ya pua, jibu litakuja hapana, na kobe anaye. Damu inauliza swali lingine. Kipimo cha ELISA, kilichoanza kutumika kwa kobe hawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kinatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na adui. Lakini kobe ana damu baridi, na kinga yake inakwenda kwa mwendo wake. Baada ya kuambukizwa inaweza kuchukua wiki sita hadi nane au zaidi kabla kingamwili hazijaonekana. Kobe aliyeambukizwa jana, damu yake leo inaapa kuwa ni mzima. Na aliyeambukizwa miaka mingi iliyopita, akapambana, akatulia, damu yake bado inamshtaki.

Tena wapo wataalamu waliogundua kuwa kobe anaweza kuwa na kingamwili za kuzaliwa nazo zinazomtambua mikoplasma hata kama hajawahi kuugua. Wengine wanasema hizo hazitoshi kuchanganya kipimo. Mjadala huo umekuwa mrefu na mkali, na naona ni sawa uwe mkali, kwa sababu kuna wakati majibu haya yaliua. Kulikuwa na miaka ambapo kobe aliyekutwa na kingamwili, hata akiwa anakula, pua kavu, macho maangavu, alihesabiwa kuwa ni hatari kwa wenzake na kuchomwa sindano ya mwisho. Leo mwelekeo ni mwingine: mnyama anaangaliwa mzima mzima, dalili, uzito, hali ya eneo anakotoka na anakopelekwa, na jibu la damu ni shahidi mmoja kati ya kadhaa.

Mimi nakubaliana na mwelekeo huu kwa moyo wote, lakini sijasahau ng'ombe wa pili wa baba. Ndiyo maana suala hili halinitulii. Aliyepona anaweza kuwa ndiye anayebeba. Pia anaweza kuwa ndiye mwenye damu tunayoihitaji, yule ambaye ukoo wake utasimama wakati wengine wanaanguka. Karatasi ya maabara haiwezi kunitofautishia hao wawili, na nyuma ya kila namba kwenye karatasi hiyo kuna mnyama aliyechukua miaka kumi na tano kufikia umri wa kuzaa. Ukimwondoa mmoja kwa makosa hujamwondoa mmoja tu.

Halafu ugonjwa wenyewe unakuja na kuondoka. Kwetu husemwa dalili ya mvua ni mawingu. Hapa unaweza kupita siku ambayo mbingu ni nyeupe na mvua imo. Kobe anachuruzika mwezi wa tano, mwezi wa sita amekauka, baada ya usingizi wa majira ya baridi anaanza tena. Si wengi wanaokufa kwa kamasi zenyewe. Kobe hutafuta chakula kwa pua, na aliyeziba pua anapita kando ya jani analolipenda kama kwamba halipo. Anakonda polepole. Kisha unakuja mwaka wa ukame, au koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa huko, na kitabuni panaandikwa ukame, au koyote.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu swali hili linatufikia. Sisemi wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao wazee wao walitoka Shelisheli na wanalishwa majani na wageni. Nasema yule kobe bapa wa mawe, anayejibana kwenye nyufa za miamba ya Tanzania na Kenya, mwenye gamba laini kiasi cha kubonyea. Amewindwa sana kwa biashara ya kufugwa ng'ambo, mpaka mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ulipopiga marufuku biashara ya wale wa porini. Wakikamatwa wakisafirishwa, furaha yetu ya kwanza ni kuwarudisha kwenye miamba yao. Lakini wameshakaa kwenye masanduku, pengine na kobe wa aina nyingine kutoka kusikojulikana, pua na pua, kwa siku nyingi. Kabla ya kuwaachia, watu wetu wa wanyamapori wanahitaji vijiti, jokofu, maabara ya kupeleka, na mahali pa kuwatenga kwa wiki nane bila haraka. Haraka ya kuwaachia kwa huruma naijua inavyofanana. Nimeitaja hapo juu, ilikuwa kwenye buti ya gari.

Majibu ya 417 yalikuja baada ya wiki tatu. Maabara huzimua plazma, yaani majimaji ya damu, hatua kwa hatua na kuangalia kingamwili zinaonekana mpaka wapi. Zikiishia chini ya kuzimuliwa mara 32 ni hapana, mara 64 na kuendelea ni ndiyo. Yeye alisimama 32 kamili. Neno lililoandikwa mbele ya namba yake lilikuwa shaka.

Kijiti chake kilikuwa kisafi. Tukangoja. Mwezi wa kumi tukamchukua damu tena, na safari hii nilimshika mimi, nusu dakika nzima nikiwa nimeweka tu mikono pembeni mwa gamba kabla ya kumwinua, na nikamwinua akiwa mlalo kama sinia lenye chai. Hakumwaga tone. Damu ikasema shaka tena, kijiti kikasema hapana, uzito ulikuwa umeongezeka gramu tisini. Kikao cha kumjadili kilikuwa kirefu kuliko alivyostahili kobe mmoja, kwa maneno ya mwenzetu mmoja, na nilimjibu kuwa hapana, ni sawasawa na alivyostahili. Wakaamua ahamishwe pamoja na majirani zake wa mashimo ya karibu, ambao kama ana kitu wameshakutana nacho, na wote wawekewe kifaa cha redio.

Nilimkuta masika yaliyofuata, kilomita chache kutoka pale tulipomwachia, mdomoni mwa shimo jipya lenye udongo mbichi. Kulikuwa na maua ya rangi ya chungwa pembeni na alikuwa anayala, ua baada ya ua, petali moja imemning'inia kidevuni. Kabla ya kila ua alisogeza pua karibu, akatulia, kisha akauma. Nilikaa mita sita kutoka kwake kwa robo saa nikiangalia matundu yale mawili. Nikaandika: pua kavu, macho safi, ananusa, anakula. Sikumgusa. Nikarudi nyuma hatua kumi bila kugeuka, taratibu, asije akashtuka akamwaga maji yake.